Bibi Alilala Kwanza

Nilipokuwa mtoto kule Karambi, mtu alipimwa akiwa amelala mara moja tu, na aliyempima alikuwa seremala wa majeneza. Ndivyo Bibi alivyotufundisha. Hata tukilala majanini kushindana nani mrefu, alitufukuza na mwiko: "Mnamwita nani nyie?"

Sasa fikiria siku watu wa afya wa serikali walipoingia uani kwetu na ubao wa kupimia watoto. Mbao tupu, una kingo, na kibao cha kukanyagia miguu. Haki ya Mungu, kilichokosekana ni kifuniko tu!

Mdogo wangu Muhindo alikuwa amevimba miguu, nywele zimekuwa nyekundu, hacheki hata ukimtekenya. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni kila siku, na nilikuwa naogopa. Lakini muuguzi alipomwita, Bibi alisimama mlangoni.

"Mjukuu wangu halali humo."

"Mama, mutoto iko na shida ya chakula," alisema muuguzi, mwanamke mcheshi wa Bwera. "Tusipomupima, hatutajua dawa ya kumupa."

"Basi mpime amesimama."

"Asimame namna gani, Mama? Mwangalie."

Bibi alimwangalia. Ni kweli, Muhindo alikuwa ameacha kusimama. Mama yangu, ambaye hakuwahi kumjibu mama mkwe wake, alianza kulia.

Bibi akajifunga leso kiunoni, akaenda ubaoni, akalala chali. Miguu yake mirefu ikapita nje mpaka mapajani. Ua mzima tuliangua kicheko.

"Nipime," alimwambia muuguzi.

"Miguu imebaki inje, Mama."

"Na hiyo andika! Kifo kikija kumtafuta aliyepimwa, kinikute mimi mbele. Haya, mleteni mtoto."

Muhindo akapimwa, akapelekwa hospitalini siku hiyo hiyo. Alirudi na pakiti za karanga tamu za kumpa nguvu, nami nililamba zile tupu, sioni aibu kusema. Mama alifundishwa asimpe bundu, ule ugali wa muhogo, peke yake, amwekee na maharage na dagaa. Nywele zikarudi nyeusi. Na asubuhi moja Muhindo alisimama, akamvua Bibi kitambaa cha kichwa, akacheka. Bibi alimkimbiza uani kote.

Aliishi mpaka Muhindo akawa anainama kuingia mlangoni kwake. Uzee ulipomlaza kitandani, alitutazama wote tuliomzunguka. "Si nilisema? Ule ubao unaua." Akapumzika kidogo. "Ila umechelewa sana."

Tulicheka huku tunalia, na kwa miaka nikaisimulia hadithi hii kama kichekesho.

Juzi nilimpeleka binti yangu kliniki. Nilipomlaza kwenye ubao kama ule, nilikumbuka jambo ambalo kicheko kilikuwa kimelifunika. Siku ile Bibi hakucheka nasi. Alikuwa amefumba macho, midomo inasali. Sisi tuliona kichekesho. Yeye alilala pale akijua anakufa.