Mama Klachi Ahama Kiti

Mama yangu mdogo amefundisha udereva miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuwa na gari lake. Watu wakisikia hivyo hucheka, nami huwakodolea macho mpaka wanyamaze. Mbona mpishi wa hoteli haulizwi kama nyumbani ana jiko la hoteli?

Alianza pale chuoni kama karani wa kuandikisha wanafunzi. Mwalimu mmoja akaumwa mgongo, mkuu wa chuo akamwomba amshikie nafasi kwa wiki moja tu. Wiki hiyo ndiyo iliyoisha mwaka huu. Wanafunzi walimbandika jina la Mama Klachi, naye akalipokea bila ugomvi, kwa kuwa hakuna neno alilolitamka mara nyingi zaidi maishani mwake kuliko hilo, hata jina la marehemu mumewe.

Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikuwa na penseli. Akigonga dashibodi mara moja, pandisha gia. Akigonga mara mbili, shusha. Alivaa viatu vya soli nyembamba kama karatasi ili alisikie gari kwa nyayo. Chini ya miguu yake, upande wa abiria, kulikuwa na klachi na breki za mwalimu, na mwanafunzi aliyesahau kusimama alishangaa gari limesimama lenyewe huku Mama mdogo anatazama dirishani kana kwamba hayumo. Mimi mwenyewe ni mwanafunzi wake. Nilianguka mtihani mara mbili, na hakunificha. Alimwambia mama yangu mbele yangu: "Dada, mwanao ana mikono mizuri, ila miguu imelala usingizi."

Mwaka huu chuo kikaamua kuleta magari ya otomatiki tu, yasiyo na klachi. Mama mdogo aliandika barua ya kustaafu yenye mistari mitatu, akachukua penseli yake, akaondoka. Jumapili iliyofuata akatutangazia mezani kwamba akiba yake inatosha na ananunua gari. Tena si gari la kwendea sokoni. Alitaka dogo, jepesi, lenye mbio, la gia za mkono.

Mjomba, kaka yake mkubwa, akaweka kijiko chini. "Wewe una miaka hamsini na saba. Hayo ni magari ya vijana wa kuvaa kofia kinyumenyume."

"Kofia nitanunua," alijibu Mama mdogo, akaomba chumvi.

Basi Jumanne nikafunga duka langu la dawa nikamsindikiza. Alikuwa amevaa kama mtu anayekwenda kupokea tuzo, na viatu vipya vyenye soli nene kama mkate. Uwanja wa magari ulikuwa nyuma ya kituo cha mafuta, umemwagwa kokoto, na muuzaji alikuwa kijana mpole mwenye tai fupi. Magari aliyoyataka yalikuwa mawili. La kwanza jekundu, lenye turbo ya kuongeza nguvu, viti vyake vinakukumbatia mbavu kama shangazi aliyekukosa siku nyingi. La pili la bluu, la zamani kidogo, halina turbo, rangi imepauka juu ya paa.

Wakaanza na jekundu. Muuzaji akafungua mlango wa dereva, akasogea pembeni kwa heshima. Mama mdogo akazunguka gari, akafungua mlango wa abiria, akakaa, akafunga mkanda.

"Mama, usukani uko upande huu," alisema muuzaji.

"Najua uliko. Ingia."

Kijana akaingia. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, tayari nimeanza kucheka.

"Kiti kwanza, halafu kioo, halafu mkanda," alisema Mama mdogo. "Unawashaje gari na nyuma huoni?"

Masikio ya muuzaji yalibadilika rangi. Akatengeneza kioo. Tulipofika barabara kubwa, penseli ikagonga dashibodi mara moja, naye akapandisha gia bila kujua kwa nini. Ikagonga mara mbili, akashusha. Kwenye mzunguko alichelewa kidogo, na Mama mdogo akakanyaga zulia kwa nguvu zote, mahali ambapo breki ya mwalimu ingekuwa. Haikuwapo. Muuzaji alifunga breki kwa woga wa kile kishindo.

Tuliporudi, alitoa hukumu yake. "Klachi inashika juu sana. Gia inaingia lakini haikwambii kitu. Nguvu ipo, tena nyingi." Muuzaji aliitikia kwa kichwa kama aliyefaulu kwa taabu. Hapo ndipo kicheko kiliponikauka, kwa sababu nilikumbuka kwamba hajaugusa usukani. Na sasa alikuwa anakwenda kwenye gari la bluu, mkono umeshashika mlango wa abiria.

Nikamvuta kando. "Mama mdogo, mara ya mwisho kuendesha mwenyewe ilikuwa lini?"

"Kila asubuhi pale chuoni. Nilikuwa nalitoa gari uani nalipanga nje."

"Barabarani."

Aliitazama penseli yake. "Ulikuwa bado shule ya msingi," alisema. Kisha, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Naogopa, mwanangu. Nimewaambia watu cha kufanya miaka yote hii. Itakuwaje nikikaa pale nikakuta ninachojua ni kusema tu?"

Iliniuma. Huyu ndiye aliyeiamsha miguu yangu mpaka nikafaulu. Na niliona kabisa kwamba akipanda kiti cha abiria mara ya pili, atalinunua gari kwa masikio tu, aliweke nyumbani, na litashika vumbi.

Nilimpita, nikaingia upande wa abiria, nikafunga mkanda.

Akainama dirishani. "Toka."

"Hapa pana mtu," nilisema. "Lete penseli. Kiti kwanza, halafu kioo, halafu mkanda."

Nilijua tukifika nyumbani nitalipia. Akanipa penseli, akazunguka, akakaa kwenye usukani. Muuzaji alikuwa ameshajikunyata nyuma, hataki mwalimu amwone.

Akawasha. Akaachia klachi, gari likaruka kama chura na kuzima.

Muuzaji alikohoa. Mama mdogo alifumba macho, na nilidhani yameisha. Halafu akaangalia miguu yake, akavitazama vile viatu vipya, akasema, "Mjinga ni mimi." Akavivua, akavipitisha nyuma kwa muuzaji. "Nishikie." Akatoa mkobani viatu vyake vya chuoni, akavivaa. Safari hii gari liliondoka polepole, bila kutikisika.

Penye mlima, katikati ya mwinuko, taa zikawa nyekundu. Nyuma yetu lori la maji likaja kusimama karibu mno, bampa lake limejaa kiooni. Niliangalia miguuni kwangu. Hapakuwa na kitu ila zulia. Kama gari letu lingerudi nyuma hatua moja tu, tungeingia uvunguni mwa lori, na Mama mdogo asingekaa tena kwenye usukani wa gari lolote.

Taa zikawaka kijani. Akainua klachi taratibu, mngurumo ukashuka, pua ya gari ikanyanyuka kidogo. Akaachia handibreki. Gari likabaki pale pale, halijashikwa na breki yoyote, limeshikwa na mguu wake peke yake. Alilibalansi hivyo kwa pumzi moja nzima, nadhani kwa raha tu, kisha akaongeza mafuta tukapanda. Halikurudi hata upana wa ukucha.

"Mama," alisema muuzaji nyuma, amekumbatia viatu. Hakumalizia.

Juu ya mlima barabara hunyooka. Gia ya tatu, injini ikapaza sauti. Gia ya nne, kwa kugusa tu. Niligonga dashibodi mara moja, na mkono wake ulikuwa umeshatoka kwenye gia.

"Umechelewa," alisema, akacheka. Alicheka mpaka kona ya kwanza, akashusha gia, akaikata kona, akacheka tena. Nami machozi yalinilengalenga na sikuona aibu.

Tuliporudi uwanjani, muuzaji alidhani mambo yamekwisha. Mama mdogo akadai ufunguo wa jekundu. "Lile umeliendesha wewe," alimwambia. "Mimi bado."

Tukalipeleka kwenye mlima ule ule. Lilifika juu kabla sijamaliza kujishika, kweli lina nguvu. Akageuza, akashuka, akapanda tena, akasimama kwenye taa. Zilipobadilika akatoa mguu kwenye breki ili alibalansi, na gari halikumsubiri. Lilijishika lenyewe.

"Hili lina msaada wa mlimani," muuzaji alieleza kwa furaha. "Hata ukikosea, linakushikia breki."

Mama mdogo alilirudisha mpaka kwenye kokoto. Alizima gari, akaupapasa usukani kwa adabu, kama anayemuaga mgeni.

"Ni gari zuri," alisema. "Lina mbio kuliko la bluu, sibishi. Lakini mimi nimewashikia watu breki miaka ishirini na sita. Zamu yangu imefika, na mimi sitaki wa kunishikia. Andika la bluu."

Muuzaji akaandika. Kisha, kabla ya kumpa karatasi atie sahihi, akamuuliza kwa sauti ndogo kama angeweza kumtazama tena jinsi anavyobalansi, Jumamosi, akipata nafasi.

Ijumaa tulilichukua. Mjomba alikuwa amesimama getini, mikono nyuma, amejiandaa kusema jambo. Mama mdogo akapunguza mwendo, akashusha kioo, akamwambia, "Kofia sijaipata saizi yangu," akampita. Tulipinda kwenye kona ya duka langu la dawa kwa gia ya pili, kwa kasi ambayo nisingemshauri mgonjwa wangu yeyote, na bila kujua nikakanyaga zulia kwa nguvu zangu zote.

Hakugeuza hata shingo.

"Toa mguu hapo," alisema. "Upande huo hauna breki. Nilishaangalia."