Nailoni Iliyobaki Bungoma

Mama yangu na dada yake, Mama Rebeka, walikuwa hawajaonana kwa muda mrefu, na sababu haikuwa ugomvi. Mama Rebeka anakaa nje kidogo ya mji wa Bungoma, upande wa kuelekea Malakisi. Zamani yeye ndiye aliyekuwa akija kwetu Kitale kila Krismasi, mpaka mguu wake mmoja ulipokataa safari. Mama hana shida ya miguu. Shida yake ni tumbo. Akiingia kwenye gari lolote, hata halijashika mwendo, ameshatapika. Boda boda ya baiskeli hupanda bila wasiwasi, ameketi upande na kikapu chake mapajani, lakini Bungoma si mahali pa kupelekwa kwa baiskeli. Basi mguu wa mmoja na tumbo la mwingine vikawatenganisha dada wawili ambao katika watoto wa nyumba yao ndio pekee waliobaki.

Kwa hiyo nilipopata gari, jambo la kwanza nililosema ni kwamba Mama ataenda kumwona dada yake. Lilikuwa gari dogo jeupe kutoka Japani. Huko lilikuwa limeshatumika, lakini kwetu gari ni jipya ikiwa hakuna Mkenya aliyewahi kuliendesha. Namba zake zilianza na KAU, na siku hizo KAU hazikuwa nyingi Kitale. Zaidi ya yote, viti vyake vilikuwa na nailoni. Watu wa yadi ya magari kule Mombasa walikuwa wameviosha wakavifunga kwa nailoni nzito inayong'aa, na mtu akiketi ilipiga kelele. Kelele hiyo niliipenda sana. Nina jirani aliyekaa na nailoni yake mpaka ikageuka rangi ya chai, na hakuna mtu aliyewahi kumcheka.

Kulikuwa na jambo moja tu dogo. Gari lilinuka. Lilinuka kama gunia la mahindi lililonyeshewa likafungwa stoo, na juu yake kukawa na gundi na plastiki. Mimi nina duka la mbegu na dawa za mifugo, pua yangu imezoea mambo mazito, kwa hiyo nilijiambia kwamba upya ndivyo unavyonuka.

Ijumaa asubuhi, Kitale. Mama alitoka amevaa gauni la kanisani, mkono mmoja ameshika limau na mwingine mfuko wa kutapikia. Nilimfungulia mlango wa nyuma, maana wakubwa huketi nyuma. Nailoni ikalia. Mama akavuta pumzi moja, akanitazama.

"Nafula, ni nini imekufa humu?"

"Hakuna kitu imekufa, Mama. Hiyo ni harufu ya gari mpya."

"Basi hiyo upya yake ni mgonjwa."

Nilifungua madirisha yote tukaondoka. Mashamba ya mahindi yalikuwa yamesimama vizuri pande zote mbili, na mimi nilianza kuyasifu kwa sauti kubwa ili asikilize mahindi asisikilize tumbo. Kwenye kioo niliona limau limebanwa puani na macho yamefungwa.

Kiminini. Hapo ndipo aliposema "Simamisha," na nikasimamisha kwa wakati, namshukuru Mungu. Alipomaliza nilimpa maji, nikaenda kuweka petroli. Kijana wa pampu aliingiza kichwa dirishani akakitoa haraka.

"Madam, hii gari inataka pafyumu. Iko hii ya stroberi. Ukiweka, hiyo ingine inahama yenyewe."

Nikaibandika mbele, karibu na redio. Ile nyingine haikuhama. Zilikaa pamoja kama wapangaji wawili wasiosalimiana, na Mama akaomba tuzime hata redio.

Kamukuywa. Tulisimama mara ya pili, safari hii mbele ya kibanda cha mama mmoja anayeuza vitunguu. Alimhurumia Mama sana, akamletea kiti, kisha akaligeukia gari langu kama daktari.

"Kitunguu," akasema. "Unakata katikati, unaweka chini ya kiti. Inavuta harufu yote. Mimi ndio nafanyanga hivyo nyumba ikipakwa rangi."

Nilinunua, nikakata, nikaweka chini ya kila kiti. Sijui vitunguu hivyo vilivuta nini, lakini si harufu. Tulipokaribia Kimilili, mimi mwenyewe ambaye sijawahi kutapika garini maisha yangu yote nilianza kumeza mate.

Kimilili. Mama alishuka, akaketi kwenye jiwe kando ya barabara, akautazama Mlima Elgon. Hakuonyesha dalili ya kuinuka. Nilivuka kwenda kwa Wanjala, mwenzangu wa shule ya upili ambaye ana duka pale, na nikamweleza taabu yangu. Alikuja akalizunguka gari, akafungua mlango, akacheka.

"Nafula, bana. Hapa ni kahawa tu. Iko ya kusagwa kutoka Kapsokwony. Kahawa haiwezi shindwa na harufu." Kisha akaigusa nailoni kwa kidole. "Lakini si pia ungetoa hii kitu, viti zipumue?"

Nilimtazama kama mtu aliyeniambia nivue nguo sokoni. Wanjala akaelewa, akaenda kuleta pakiti ya kahawa. Nilimimina kidogo kwenye sahani, nikaiweka kwenye sakafu ya nyuma, pakiti nikaihifadhi. Kisha nikarudi kumwita Mama.

"Nafula," akasema bila kunigeukia, "nifikishe nimwone dada yangu. Kurudi utanitafutia njia ingine, hata kama ni kutembea. Lakini kwenda Bungoma, hii ndio mwisho. Mimi sipandi gari tena, mpaka ile ya kunipeleka kaburi."

Maneno hayo yaliniuma. Nilikuwa nimenunua gari ili kuwakutanisha, na sasa lilikuwa likimpeleka Mama kuaga. Nilimshika mkono tukaingia.

Chwele hadi Bungoma. Kuanzia hapo mahindi yalipungua na miwa ikazidi. Malori ya miwa yalitutangulia yakitimua vumbi, tukalazimika kufunga madirisha. Gunia lililonyeshewa, stroberi, kitunguu na kahawa, vyote vikabaki ndani na sisi. Mama alijifunika uso kwa leso yake. Nadhani alikuwa akiomba, kwa sababu mimi nilikuwa nikiomba.

Ijumaa alasiri, kwa Mama Rebeka. Alikuwa amesikia gari, na alikuwa amefika nusu ya njia ya kuja kwenye lango, akichechemea na fimbo yake. Mama alishuka kabla sijazima injini. Walishikana wakacheka kwanza, kicheko kirefu cha wasichana, halafu wakalia. Binamu yangu Wafula, mwana wa Mama Rebeka anayeishi naye hapo bomani, alikuja kunisalimia akasimama mbali kidogo na mlango wa gari. Nilijifanya sikuona.

Jioni hiyo tulikula kuku na ugali wa wimbi. Mama, ambaye hakuwa amebakisha kitu tumboni, alikula kwa watu wawili. Baadaye alimwambia dada yake wazi kwamba safari kama ile hataiweza tena. Mama Rebeka alichokoa meno kwanza.

"Basi wacha tuongee ya kutosha," akasema.

Walizungumza mpaka usingizi ukanichukua kwenye kochi. Sikulala vizuri.

Jumamosi asubuhi. Kwetu gari jipya haliondoki bomani kwa jamaa bila kuombewa. Milango yote hufunguliwa, kila mtu anaweka mkono mahali fulani, na mkubwa wa boma anaomba. Majirani wachache walikuja. Mama Rebeka anajulikana kwa maombi marefu. Watu husema ukimpa aombee chakula, kula kwanza. Aliinama ndani ya mlango wa nyuma, akaweka kiganja chake kwenye kiti, akafumba macho. "Baba," akaanza. Nailoni ikalia. Akafumbua macho.

"Nafula. Hii ni nini?"

"Ni nailoni ya kiti."

"Mimi naombea gari ama naombea karatasi? Toa."

"Mama Rebeka, gari bado ni mpya..."

"Mungu anajua ni mpya. Toa. Alafu uniachie, simsim yangu haina mahali ya kuanikia."

Hapo nikajua kwamba jicho lake lilikuwa kwenye nailoni yangu tangu jana. Lakini utamkatalia vipi mkubwa katikati ya maombi, mikono ya majirani yote iko juu ya bati? Nilitazama pembeni. Wafula alichomoa kisu, akaichana toka upande mmoja hadi mwingine.

Harufu iliyotoka hapo iliwafumbua macho hata waliokuwa katika roho. Mtu mmoja alisema "Yesu" polepole, na haikuwa sehemu ya maombi. Chini ya nailoni, kitambaa cha kiti kilikuwa na ukungu mweusi kama madoa ya chui, na Wafula alipobonyeza sponji kwa kidole, maji yalitoka. Wale watu wa Mombasa walikuwa wameosha viti wakavifunga vikiwa bado vimelowa. Mimi nikaja nikalinda unyevu ule kama mali, nikaupaka pafyumu, nikaulisha vitunguu.

Nilitamani ardhi inimeze, na si kwa sababu ya majirani. Kila msimu wa mavuno nasimama nyuma ya kaunta nikimwambia kila mkulima wa Trans-Nzoia neno lile lile: usifunge mahindi kwenye gunia kabla hayajakauka, yataoza. Nimelisema mpaka wateja wengine hulimalizia wenyewe. Na pua yangu ilikuwa imeniambia tangu siku ya kwanza kwamba lile ni gunia lililonyeshewa.

"Maombi tutamaliza baadaye," Mama Rebeka akasema. "Baba ameona."

Jumamosi, mchana kutwa. Wafula alifungua nati za viti kwa spana, akavitoa vyote nje, mikeka ya sakafuni pia. Tulivisugua kwa brashi, sabuni ya kipande, maji ya moto kidogo na limau la Mama ambalo lilikuwa bado zima. Tulivikamua kwa vitambaa, tukavianika kwenye nyasi. Gari likabaki limeachama milango yote, tupu kama debe. Vitunguu nilitupa, stroberi nikaizika, na kahawa iliyobaki kwenye pakiti tuliichemsha tukanywa. Ilikuwa nzuri, Wanjala asilaumiwe. Nailoni ilikuwa tayari imeoshwa na kutandazwa karibu na jiko la nje, na mbegu za simsim juu yake.

Jumapili, baada ya kanisa. Jua la Bungoma halina mchezo, viti vilikuwa vimekauka mpaka ndani. Nilitoka kwenda kumwambia Wafula avirudishe, nikakuta kiti cha nyuma kina watu. Mama na Mama Rebeka walikuwa wameketi juu yake katikati ya boma, hakuna gari, hakuna paa, miguu imenyooshwa kwenye nyasi, ule mguu mbaya umewekwa juu ya kigoda. Mama alikuwa akisimulia kitu kwa mikono yote miwili. Nilirudi ndani nikamwambia Wafula kwamba hakuna haraka.

Jumapili alasiri, njia ya kurudi. Mama aliukagua mlango kama anayenunua ng'ombe. Akanusa. Akanusa tena. Nilimwambia kama hataki nitampeleka stendi, ingawa sikujua angefanya nini huko stendi. Akapita mlango wa nyuma, akafungua wa mbele, akaketi. Hakuna kilicholia. Wafula akamwekea miguuni kuku jike aliyefungwa miguu, zawadi ya dada yake, maana huwezi kutoka boma lile mikono mitupu. Mama Rebeka alimaliza maombi yake dirishani, na kweli yalikuwa marefu.

Chwele nilimwangalia kwa jicho la pembeni, nikingoja neno "simamisha." Halikuja. Kimilili alinisimamisha, kumbe alitaka kuku apewe maji, na pia amwonyeshe Wanjala kwamba yuko hai. Wanjala alitazama viti, akanitazama mimi, akatabasamu bila kusema kitu. Nilimshukuru kwa hilo.

Karibu na Kamukuywa kuku alifanya haja yake kubwa kwenye mkeka. Nilifungua dirisha haraka, nikaanza kutafuta mahali pa kuegesha.

"Unaenda wapi?" Mama akauliza.

"Si hiyo harufu, Mama."

"Hii naijua," akasema. "Endesha."

Mlima ulikuwa kushoto kwetu sasa, jua likishuka nyuma yake. Tulipopita Kiminini alikuwa amelala, mdomo wazi, mkono mmoja juu ya mgongo wa kuku. Mama yangu, amelala ndani ya gari. Niliendesha polepole kuliko ilivyohitajika, na wengine wakanipigia honi, nikawaacha wapite.

Sina mafunzo mengi ya kuwapa wenye magari mapya. Kiti kikauke kwanza, kama mahindi. Na ukiona mtu mzima anatamani nailoni yako, mpe.

Majuma machache baadaye Wafula alinipigia simu kwamba simsim imekauka vizuri na fungu letu liko tayari. Nilimwambia Mama wakati wa chai kwamba nitaangalia kama nitapata nafasi mwisho wa mwezi. Akainuka na kikombe chake. Nilipotoka kwenda kufungua duka nilimkuta ameketi kwenye kiti cha mbele cha gari, amevaa gauni la kanisani. Limau hana, mfuko hana. Kikapu chake kilikuwa mapajani.