Mafuta ya Papa Siku ya Ntheo ya Mwende

Chekeni, mcheke mmalize, kwa sababu aibu niliyopata siku ya ntheo ya binti yangu Mwende, ile siku wakwe huleta mbuzi za kuanzisha ndoa, hata nikinyamaza, Ikutha nzima itawaambia, heri mnisikie mimi mwenyewe. Na nilikosea wapi? Kutaka kukaa vizuri mbele ya wakwe imekuwa dhambi?

Ilianza na Mutua, mtoto wa dada yangu, anayesomea mambo ya samaki chuoni. Alikuja kututembelea akasema huko bahari za baridi kuna papa anaishi miaka mia mbili na zaidi, na ati kuna samaki wengine wakizeeka huwezi kujua, wanazaa mpaka uzeeni (mimi nilizaa watatu tu magoti yakakataa!). Alikuwa bado anaeleza, lakini mimi nilikuwa nimesikia ya kutosha, nikainuka. Wakwe walikuwa wanakuja Jumamosi kutoka Kalamba, na mama ya kijana anayemuoa Mwende ni Kalondu, tulikalia dawati moja shuleni, na huyo mwanamke mpaka leo uso wake ni laini kama wa msichana. Nikasema kwa picha lazima nionekane mama ya Mwende, si nyanya yake.

Nikamwagiza muuza omena wa Kitui aniletee mafuta ya papa. Akaniuliza ya nini, nikamwambia hayamhusu. Sisi Wakamba na samaki hatujazoeana sana, kwa hivyo ile harufu nilidhani ndiyo nguvu ya dawa. Jumamosi asubuhi nikajipaka uso, shingo, mikono, nikaongeza kidogo nyuma ya masikio.

Nzi ndio walifika kwanza. Halafu wageni wakaja na nyimbo, mbuzi zikiwa mbele zimefungwa kamba, na mnajua mbuzi za ntheo zisipoingia boma la msichana hakuna ndoa, hata mtu akuje na lori la pesa. Mimi nikasimama pale kwa geti nikitabasamu. Mbuzi ya kwanza ikanusa, ikapiga chafya, ikageuka mbio na zingine zikaifuata, na mjomba wa kijana akaburutwa mpaka kwa miiba na suti yake mpya.

"Mbuzi zimekataa hii nyumba!" mzee wao mmoja akapaza sauti. "Turudini!"

Woi! Mwende akaanza kulia.

Jirani yangu Bi Zuhura, mtu wa Pwani, ndiye alikuja karibu akaninusa. "Hee, Mama Mwende! Kwetu haya hupakwa mbao za mashua zisioze. Wewe wajipaka usoni?"

Wageni wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Nikaoga na sabuni ya kufua, nikajisugua na majivu, wapi! Mbuzi zikiniona zinarudi nyuma. Mwishowe Mwende akanishika mkono. "Mwaitu, mama yangu, tafadhali, enda kwa Bi Zuhura kidogo." Kidogo! Nilipotoka tu mbuzi zikaingia, na ntheo ya mtoto wangu wa kwanza nikaiona kupitia ua wa jirani, nimeshika sahani ya pilau na sina hamu nayo.

Jioni nikamshika Mutua. "Mbona hukunikataza?"

"Anti, uliinuka kabla sijamaliza. Huyo papa anaishi sana kwa sababu maji ni baridi na anakua polepole, hana haraka na chochote. Si mafuta."

Sasa niambieni, na hili jua la Ikutha, hiyo baridi ningetoa wapi? Na wakwe wako njiani, mtu anakosaje haraka?

Picha zililetwa. Nikazipitia zote. Kalondu yuko kila mahali, amemshika Mwende bega pale ningesimama mimi, uso unang'aa. Mimi niliyetaka kuonekana kijana, sionekani hata kwa moja. Nimeapa: siku ya ntheo ya mdogo wake nitasimama kwa geti na mikunjo yangu yote, na atakayesema nimezeeka aseme tu, bora ameniona.