Shikamoo Kumi Asubuhi

Mgongo ulianza kuniuma nikiwa machimboni Geita, nilikokuwa nikiponda mawe ya dhahabu kwa nyundo, nimekaa chini kutwa nzima. Niliacha kuponda, nikamwacha mume wangu huko, nikahamia kwa mama yake, mtaani Kambarage. Mgongo nao ukahamia.

Miaka miwili nilimeza vidonge vya maumivu na kuchuliwa mafuta ya kondoo, ya nyati, na ya simba ambaye sidhani kama aliwahi kuwa simba. Picha ya hospitali haikuonyesha kitu. Mama mkwe aliichukua, akaielekeza dirishani, akanirudishia.

"Mgongo mzuri," alisema.

Kwetu Wasukuma mama mkwe husalimiwa kwa kupigiwa magoti. Mimi nilimsalimia nimesimama, nimeshika mlango. Hakunigombeza. Aliwaambia tu wageni, mbele yangu, kwamba wanawake wa machimboni magoti yao hayakunjiki. Hilo liliniuma kuliko mgongo. Nilitaka aniamini, basi.

Mwishowe nikapelekwa kwa daktari wa mazoezi. Alinibonyeza, akasema picha ile ni ya mifupa, na yangu ni misuli: imekakamaa kwa kazi, na sasa inazidi kwa kuwa naogopa kuitumia. Kulala sana hakunisaidii. Nipige magoti taratibu na kuinuka, mara kumi, asubuhi na jioni.

Mkeka uko sebuleni, na sebuleni hukaa yeye. Kesho yake nikapiga magoti mbele yake. Kupiga magoti mbele ya mama mkwe halafu unyamaze ni utovu wa adabu, kwa hiyo nikasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nikainuka. Nikapiga tena. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Hakuuliza. Shikamoo haiachwi bila jibu, hata ikiwa ya tano.

Ya sita sikuinuka. Mapaja yalitetemeka, jasho likadondoka mkekani, nikalia kwa hasira. Mama mkwe akaweka kikombe chake chini, akanishika kwapani, akanivuta. Katika kunivuta akaguna, akajishika kiuno.

"Hapo?" nikamuuliza.

"Hapo hapo. Tangu nilipokuwa na umri wako."

"Mbona hukuwahi kusema?"

"Nimwambie nani, mwanangu? Na mimi nilikuwa na mama mkwe."