Makucha ya Betri, Kutoka Nungwe Hadi Mwadui

Sikuondoka Nungwe kwa hamu ya kuona nchi. Dada yangu Kabula alikuwa na mimba ya tatu, mbili za kwanza zilikuwa zimemtesa nusura afe, na mkunga alisema mtoto huyu azaliwe hospitalini Mwanza. Njia ya Mwanza ni ziwa, na boti ni ya shemeji yangu Masanja. Safari iliyopita mota ilizimika mara tatu katikati ya maji. Vishikio vya betri, yale makucha mawili ya madini ya risasi yanayobana vichwa vyake, vilikuwa vimelika hadi vinacheza. Umeme wenyewe ni mdogo, volti kumi na mbili tu, lakini ukikatika boti inakuwa gogo.

"Wewe ndiye msomi," Masanja aliniambia. "Utajua kuchagua."

Chuo kikuu nilisomea historia.

Jumatatu asubuhi, Geita. Maduka yalikuwa na sururu na taa za wachimbaji, vishikio hakuna. Nikapanda lori la pamba liendalo Shinyanga. Saa nane mchana, karibu na Segese, gurudumu likapasuka. Dereva akiziba, mimi nilihesabu siku kwa vidole. Kabula angevuka Jumamosi. Nilihesabu tena, kana kwamba vidole vingenionea huruma.

Jumanne, Shinyanga mjini. Mwenye duka alinitolea jozi inayong'aa. Nikaibana kidogo, ikapinda.

"Hivi ni vya kufungia au vya kutazama?"

"Wengine wananunua, mzee," alisema bila aibu. "Ukitaka vya kweli, nenda Mwadui kwa fundi Saidi, nje ya lango la mgodi. Anayeyusha risasi mwenyewe."

Jumatano saa sita, Mwadui. Fundi Saidi alikuwa Mzaramo mwenye mvi, na Mzaramo kwa Msukuma ni mtani.

"Shikamoo, fundi. Natafuta vishikio vya betri ya boti."

"Marahaba. Msukuma na boti wapi na wapi? Ng'ombe wamekufukuza?"

"Na wewe, nazi zimeisha kwenu?"

Akanivua kofia, akaivaa yeye, kama utani unavyomruhusu. Kisha akachukua vishikio vya zamani nilivyokuja navyo, akavinusa, akaacha kucheka.

"Mnabeba nini?"

"Abiria, Jumamosi hii ni dada yangu mjamzito. Na samaki wa chumvi."

"Magunia mnaweka wapi?"

"Juu ya sanduku la betri. Ndipo pakavu."

"Nani aliwaelekeza hivyo?"

Ni mimi niliyewaelekeza, mwaka uliopita, kwa maelezo marefu.

"Chumvi inachuruzika humo," alisema taratibu. "Nikikupa hata jozi kumi, zitalika zote."

Aliyeyusha risasi, akamimina vishikio viwili, kimoja kipana kuliko kingine kwa sababu vichwa vya betri havilingani unene, jambo ambalo sikuwa nimelijua. Akaongeza kopo la grisi. Kofia hakurudisha.

"Dada yako akijifungua, mtoto aitwe Saidi."

"Akiwa wa kike?"

"Saidi."

Alhamisi na Ijumaa, njiani. Kila lori liliporuka shimo, nilishika mfuko kuhakikisha vishikio vimo. Jioni ya Ijumaa nilifika Nungwe, nikamwambia Masanja ahamishe samaki mbele.

"Shemeji, si wewe ulisema—"

"Nilisema."

Neno hilo moja lilikuwa zito kuliko lori zima la pamba.

Jumamosi, ziwani. Tuliondoka kukipambazuka. Nilikaa kando ya sanduku, mkono juu ya vishikio. Mlio wa mota ukibadilika kidogo, nilivibana zaidi. Katikati ya maji, pale ilipozimika mara ya kwanza, niliinama kuvitazama.

"Kaka, toa mkono," Kabula alisema, amejifunika khanga. "Mota inaenda vizuri. Anayetetemeka ni wewe."

Nikautoa. Mota haikuzimika.

Nilizunguka siku tano kutafuta dawa ya ugonjwa niliouleta mwenyewe, na ilinibidi nivuliwe kofia ndipo niulizwe swali ambalo ningeweza kujiuliza nimekaa nyumbani. Siku hizi najiuliza kabla ya kupanda lori.

Mtoto alizaliwa Mwanza siku ya tatu, wa kike, mama yake mzima. Nikapendekeza aitwe Saida. Masanja akaniuliza jina hilo nimelitoa kitabu gani.

"Halikutoka kitabuni," nilimwambia. "Ni la mtu anayevaa kofia yangu."