Mwalimu Aliyeomba Radhi Darasani

Ndugu wasomaji, leo msinitafutie mzaha wangu wa kila juma. Mwalimu wangu wa Kisauni amefariki. Homa imemmaliza huko ndani ya nchi, kwenye ukame, alikopelekwa kama adhabu, nasi tumemzika juzi. Nimerudi na hasira ambayo hata chai haikuiteremsha, maana aliyesimama kaburini kumsifu, sauti ikimkatika kwa kilio, ni yule yule mkuu wa shule aliyemhamishia huko.

Hebu niwaeleze. Siku za vita tulikuwa darasa moja na msichana ambaye mamake alikuwa mshona makuti. Kila hesabu, yeye sifuri. Siku moja mwalimu akauliza: vikapu vinne vya machungwa, kila kimoja kumi na saba, jumla ngapi? Msichana akaandika kwenye kibao chake, tatu na nane. Mwalimu akamchapa viganjani. Nami, mpenda kuchekesha, nikapaza sauti: "Kichwa kinavuja hicho, mamake akakiezeke!" Darasa likaangua kicheko. Mkuu wa shule naye alikwisha kuamua: jina lake lifutwe, asifanye mtihani, asije akaiaibisha shule. Na mtoto wa kike wa kwetu akifutwa, ndiyo basi tena; ni kukaa nyumbani kungoja posa.

Juma lile lile mvua ikatuingilia darasani, mwalimu akanichukua twende kwa yule mama kutafuta makuti. Msichana akayapitia malundo kwa kidole, upesi, akasema, "Korija saba na saba, mwalimu." Mwalimu hakuamini. Akayahesabu moja moja, jasho likimtoka: mia moja arobaini na saba. Korija, kama mjuavyo, ni ishirini, na makuti kwetu hayauzwi ila kwa korija. Yule mama akamwambia: "Mwasema hajui hesabu. Basi mimi hunihesabia nani?"

Mwalimu akakaa juu ya lundo. "Tatu na nane," akasema polepole. Korija tatu na nane, yaani sitini na nane. Jibu lilikuwa sahihi, naye alikuwa amelipiga bakora.

Asubuhi yake alimwita msichana mbele ya darasa. "Abee, mwalimu," akaitikia, viganja ameshavitanguliza. "Teremsha mikono, mwanangu. Mimi ndiye niliyekosa. Niwie radhi." Hakuna aliyecheka. Tangu hapo, kila alasiri alikaa naye akimfundisha kuzivunja korija zake ziwe makumi. Mkuu wa shule alipopata habari alifoka hadi tukamsikia nje: "Mwalimu kumwomba radhi mtoto, tena wa kike? Kesho watatupanda vichwani!" Mwalimu wetu hakupandisha sauti. "Mkuu, nilimpiga kwa jibu la haki. Mwache afanye mtihani. Akianguka, nifuteni mimi."

Mkuu akakubali shingo upande, na msichana hakuanguka. Alipita, akatushinda wengi, mimi nikiwemo. Na bado mwalimu akahamishwa, eti amevunja heshima ya walimu. Wallahi, ni heshima gani hiyo inayovunjika kwa neno la kweli, na haivunjiki kwa kumchapa mtoto asiye na kosa? Mimi ni mwota ndoto, mwanijua. Kila siku nawaandikia habari za shule tutakazojenga huku bara, Likoni hadi Changamwe. Lakini tukizijaza watu wa namna ile, bora tuziache vichaka.

Makaburini nilimsogelea yule msichana, ambaye siku hizi naye afundisha watoto wadogo, nikamwomba radhi kwa mzaha wangu wa siku ile. "Umechelewa," akaniambia, "lakini umekuja." Kisha akamwonyesha mkuu wa shule kwa kidevu, angali akihutubia. "Yule maneno yote hayo anayo, na lile moja hana."

Ndilo nililorudi nalo. Mkubwa asiyeweza kumwambia mtoto "nimekosa" hana la kumfundisha, hata akiwa ameshika funguo za shule nzima.