Pazia la Maman Patricie

Cassien, fundi redio wa Kamembe, alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kula peke yake, na hakuweza kula kwa siri. Alizaliwa na kukulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka upande wa Kongo, ambako wazazi wake walikimbilia zamani, akarudi Rwanda baada ya vita, mwaka wa tisini na tano, na koleo zake mbili na redio moja iliyokuwa ikikohoa. Kule Bukavu mtu akikuheshimu anakukalisha barazani kabisa, kila mpita njia akuone unavyokula, nawe unamwambia karibu hata kama vipande vya nyama ni viwili. Cassien hakujua heshima nyingine.

Sasa alikuwa na miaka thelathini na minane, na alimpenda Béata, muuza vitenge wa sokoni, kiasi cha kufunga redio za watu na skurubu zikabaki mezani. Baba yake Béata alifariki wakati wa vita. Mwenye neno la mwisho alikuwa baba yake mdogo, Mzee Harelimana, mkulima wa ndizi wa Gashonga, mzee mkavu aliyekwisha kuwafukuza wachumba wawili. Alikubali kuonana na Cassien mara moja tu, Jumapili baada ya misa. Akimkataa, basi, hakuna Béata tena.

“Umupeleke fasi iko na heshima,” Béata alimwambia.

Cassien akaita jeshi lake. Jumamosi asubuhi marafiki zake wawili wa utotoni wakavuka daraja la Ruzizi kutoka Bukavu: Birindwa, fundi cherehani mfupi, mnene, ambaye tumbo lake lilifika kabla yake kila mahali, na Mulume, mwalimu mrefu mwembamba ambaye serikali ya Kongo ilikuwa imesahau kumlipa tangu vita vya kwao vianze. Kazi yao ilikuwa kuonja mikahawa ya Kamembe na kuchagua mmoja. Sijawahi kuona watu wakitumwa kazi wakaifanya kwa moyo namna ile.

Katika mkahawa wa kwanza waliagiza brosheti, mishikaki ya mbuzi. Wakangoja. Mulume akamaliza hadithi zake zote, akaanza kuzirudia. Birindwa akaenda jikoni kuuliza kama huyo mbuzi amekwisha kuzaliwa.

Mkahawa wa pili ulikuwa wa Maman Patricie, na mlango wake ulifunikwa na pazia la maua mekundu kutoka juu hadi chini. Ndani, sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, zilikuwa zimekaangwa zikakauka vizuri, na sombe, majani ya muhogo, ilikuwa ya namna ambayo Birindwa, akiionja, alifumba macho na kutaja jina la marehemu mama yake. Lakini Cassien, aliyefuatana nao, alitikisa kichwa.

“Hapana. Ju ya nini kujificha? Tuko tunakula bintu bya kwiba?”

Maman Patricie alimsikia, mwiko mkononi. “Utarudi, Papa,” akamwambia. “Pazia yangu haina haraka.”

Ng'ambo ya barabara palikuwa na mkahawa wa tatu, wenye baraza la saruji lililoinuka juu, likitazama njia ya kanisani. Cassien akalipanda na kugeuka kulia na kushoto.

“Hapa njo heshima yenyewe! Kila mutu atamuona!”

Na hapa ndipo ninapotamani kumpiga kofi. Miaka saba Rwanda, na hajawahi kujiuliza kwa nini mikahawa ya watu ina mapazia! Wazee wa upande huu walilelewa hivyo: kunywa mbele za watu sawa, lakini mtu mzima kutafuna macho ya watu yakimtazama ni aibu. Béata hakumwonya kwa sababu hakufikiri kuna haja. Nani humwonya mchumba wake asivae viatu kichwani?

Jumapili Mzee Harelimana alifika na kofia yake na fimbo yake. Alikuwa ametoka Gashonga alfajiri bila kutia kitu kinywani, kwa ajili ya komunyo. Cassien akamkalisha mbele kabisa, Birindwa na Mulume wakakaa pembeni, na mezani pakaja samaki mzima, ndizi za kukaanga, sombe na wali. Wakati huohuo misa ya pili ikatoka, na barabara yote ikajaa watu.

“Karibu chakula, Papa.”

“Mi siko na njaa,” akasema mzee, akaomba Fanta.

Tumbo lake likasema vingine, tena kwa sauti. Birindwa akatazama juu akidhani mvua inakuja.

“Mzee Harelimana!” wakaita watu wa Gashonga kutoka chini. Mzee akawapungia, mikono akairudisha juu ya fimbo. Wakaja wengine. Birindwa akamaliza sahani yake, akahamia ya Mulume. Samaki akaanza kupoa.

“Kula kidogo tu, Papa,” Cassien akabembeleza.

“Nikimaliza hii Fanta, naenda.”

Fanta ilikuwa imefika nusu. Cassien alihisi jasho likishuka mgongoni ndani ya koti la kuazima. Alikuwa anampoteza Béata, na hakujua kosa lake ni lipi. Ndipo akaona macho ya mzee: yanakwenda kwa samaki, yanarudi barabarani, yanakwenda kwa samaki, yanarudi barabarani. Akaruka ngazi zote mara moja, akavuka barabara.

“Maman Patricie! Nipatie pazia!”

“Ile ya bezi, ya kula bintu bya kwiba?”

“Unisamehe, Maman. Ni pazia muzuri. Hakuna pazia kama ile katika Kamembe muzima!”

Aling'oa pazia na waya wake. Ndani, wateja wakapiga kelele na kuinamia sahani zao, na mmoja akaingia chini ya meza na ugali wake.

Barazani Birindwa akashika upande mmoja na Mulume mwingine, mzee na samaki wakabaki nyuma. Sasa, kama wangemwacha tu, labda nusu ya watu wasingemtazama. Lakini wanaume wawili wameshika pazia la maua barazani, siku ya Jumapili! Barabara nzima ilisimama.

“Kuko mutu anazaa?” mama mmoja akauliza.

“Hapana,” akajibu Mulume, ambaye ualimu ulimharibia uwezo wa kusema uongo. “Kuko mutu... anapumzika.”

Nyuma ya pazia mfupa wa samaki ukavunjika.

“Cassien,” sauti ikaita. “Ingia.”

Akaingia. Upande mmoja wa samaki ulikuwa umekwisha. Mzee hakumtazama.

“Mwaka wa tisini na ine nilikuwa kule kwenu, mu kambi ya bakimbizi. Nilipanga mustari na kopo, batoto yangu banaona. Nilikula nimesimama, bazungu banapiga foto. Tangu ile siku hakuna mutu ameniona natafuna. Hata Béata.” Akasukuma sahani. “Kula.”

Cassien, aliyekula mbele ya Bukavu nzima bila kupepesa, alivuta ukingo wa pazia uzibe pengo. Aliona haya kwa ajili ya baraza lile, na alimhurumia mzee hadi machozi yakamlenga. Kisha akala, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akala kwa siri. Walikula mpaka kichwa cha samaki kikabaki mifupa mitupu.

Mzee akafuta mdomo, akavaa kofia. “Mufungue.”

Pazia likashuka. Watu wa Gashonga walikuwa wamejaa hadi ngazini. Mzee Harelimana akainua chupa yake.

“Tulikuwa tunakunywa Fanta,” akawatangazia.

Gamba la samaki lilikuwa limeganda kwenye sharubu zake. Hakuna aliyecheka, watu wa Gashonga wana adabu. Kisha akamgeukia Cassien, akamwonyesha Birindwa kwa fimbo.

“Siku ya ndoa utafute batu barefu ba kushika pazia. Huyu mufupi alikuwa anachungulia samaki yangu.”